Ngeli Si Jedwali

Muulize mhitimu yeyote wa sekondari ngeli ni nini, atakuchorea jedwali. M-WA juu, chini yake M-MI, halafu JI-MA, KI-VI, N-N, U, KU, na mwisho PA-KU-MU. Kama alifika kidato cha sita atakuongezea kwamba kuna kigezo cha kimofolojia na kigezo cha kisintaksia, kwamba wapo wanaopendelea A-WA na LI-YA, na atakupa ubora na udhaifu wa kila kigezo kwa hoja zilizopangwa, maana ndivyo swali la mtihani linavyopenda. Sasa muulize: kwa nini mtu akikuzwa anakuwa jitu na akidunishwa anakuwa kijitu? Kimya. Akijitahidi sana atakwambia, "Ndivyo ilivyo tu."

Mimi nina ugomvi na hilo "ndivyo ilivyo tu".

Sio mwanaisimu. Ni mwandishi wa habari, kituo changu ni Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, Mara, na kazi yangu ya kila siku ni kuchagua maneno kuhusu watu ambao wengi wao hawatapata nafasi ya kujibu. Ninachodai ni hiki: ngeli ni rai. Kiambishi kinachokaa mwanzoni mwa nomino ni maoni ambayo lugha imeshayatoa kuhusu kitu au mtu, kabla wewe hujaanza kutoa ya kwako. Mwalimu anayefundisha ngeli kama upatanisho mtupu, na mhariri anayezijua kama orodha ya makosa ya kufuta, wanatunyima uwezo wa kuyaona maoni hayo. Na tukishindwa kuyaona, tunayarudia kama kasuku.

Anayebisha aanze na serikali yake mwenyewe. Kijiji, mji, jiji. Shina ni moja, ngeli tatu, na juu yake umejengwa mfumo mzima wa utawala: kuna halmashauri ya kijiji, kuna halmashauri ya mji, kuna halmashauri ya jiji. Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018 hakuna aliyehitaji kueleza kwamba imepanda. Kiambishi kilieleza. Mugumu ni mji, na hakuna mtu huku anayeota ndoto ya kuita sokoni kwetu jiji isipokuwa kwa utani. Sasa kama ngeli hazina maana, hao waliotunga sheria za serikali za mitaa walijuaje kwamba jiji ni kubwa kuliko kijiji?

Au chukua shina -tu, ambalo Wilhelm Bleek, Mjerumani wa karne ya 19, alilichungulia katika umbo la ba-ntu akalipa jina kundi zima la lugha zetu. Mtu. Kitu. Jitu. Kijitu. Utu. Kiambishi kikibadilika, yule yule anatoka kuwa binadamu, anakuwa bidhaa, anakuwa zimwi, anakuwa mtu wa kudharauliwa, halafu anakuwa ile sifa inayotufanya tuitane binadamu. Shaaban Robert alilijua hili vizuri kuliko wengi wetu. Mhusika wake mkulima alimwita Utubora: jina la ngeli ya dhana, akalivalisha mtu mwenye jembe. Na nchi yake ya kubuni ya mwaka 1951 akaiita Kusadikika. Hapo kuna ku- ya kitenzi kilichogeuzwa jina, na sikio la Mswahili linasikia pia ku- ya mahali, ile ya huku na kule. Wahakiki wameandika mengi kuhusu siasa ya Kusadikika. Ningependa kusoma zaidi kuhusu kile kiambishi.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia mara nyingi. "Sawa, jiji na jitu ni udogo na ukubwa, hilo tunalikubali. Lakini mkutano, mkate, mwezi na mto vimekaa M-MI kwa maana gani? Chakula, chuo na kiti vina undugu gani?" Ni hoja halali. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kila neno lilipangwa kwa kikao. Maneno yanaingia kwa sauti yake (kitabu kilitoka Kiarabu na ki- yake tayari, tukakitengenezea vitabu), yanaingia kwa kufanana na jirani, mengine yanasahau yalikotoka. Lakini kutoka "si kila neno" hadi "hakuna maana" ni kuruka mtaro mpana sana. Mwaka 1994 Ellen Contini-Morava wa Chuo Kikuu cha Virginia alionyesha kwamba ukiacha kutafuta maana moja inayofunika ngeli nzima, ukatafuta familia za maana zinazoshikana mikono, KI-VI inaanza kusomeka: vitu vidogo hapa, vyombo vya kazi pale, upungufu wa mwili kando yake, kila familia ikimgusa jirani yake. Ni ukoo. Katika ukoo binamu wa tatu hafanani na babu, na hakuna anayesema kwa hiyo ukoo haupo.

Hili si la kwetu peke yetu. Wahakka wa kusini mwa China na Taiwan, kama wasemaji wengine wa lugha za Kichina, hawasemi tu "samaki watatu". Kati ya namba na jina lazima kikae kihesabio: samaki huhesabiwa kwa neno ambalo maana yake ya asili ni mkia, na kitu kirefu kama barabara au kamba kina kihesabio chake. Huko nako wapo wanaosema vihesabio ni desturi tu, na huko nako kuna kihesabio kimoja, ambacho katika Kichina sanifu huhesabia wanyama, kilichotanuka katika Kihakka hadi kinahesabu vitu vingi visivyo wanyama. Maana imechakaa kwa kutumika. Lakini kuchakaa ni ushahidi kwamba kulikuwa na nguo.

Sasa njooni kwenye kitu ambacho jedwali linakiona lakini halikisemi. Kifaru. Ukisema kifaru ameuawa, mji wote wa Mugumu unasimama, maana miaka ya 1970 na 1980 wanyama hao walikaribia kwisha Serengeti na mpaka leo wanalindwa mmoja mmoja. Ukisema kifaru kimelipuliwa, unazungumzia vita na jeshi. Neno moja, kiambishi kimoja cha nomino, lakini upatanisho umepiga kura tofauti. Kiboko amevuka mto, kiboko kimekatika mikononi mwa mwalimu. Ndege amepaa, ndege imepaa. Maana yake sentensi ya Kiswahili ina rai mbili ndani yake: ya kwanza iko kwenye nomino, ya pili iko kwenye kitenzi. Ya kwanza umeirithi. Ya pili inakwambia huyu unayemtaja ana uhai au hana. Mahali hizi rai mbili zinapogongana ndipo panapomhusu mwandishi, na ndipo ambapo darasa letu la ngeli hufunga daftari.

Tazama maneno kipofu, kiziwi, kiwete. Yako kwenye ki- ya upungufu, hakuna ubishi. Lakini hakuna Mswahili anayesema kiziwi kimefika. Kiziwi amefika, viziwi wamefika. Nomino inamsukuma mtu kuelekea kwenye vyombo, kitenzi kinamvuta arudi kwa watu. Sheria yetu ya mwaka 2010 imechagua "watu wenye ulemavu", na waandishi wengi tumefuata, vizuri tu. Lakini angalia wenyewe walivyoamua. Chama cha Wasioona Tanzania kimeachana na kipofu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimebaki na viziwi, kimelibandika hadi kwenye jina lake. Makundi mawili, uamuzi mara mbili, yote mawili yamejua uzito wa ki-: mmoja ameivua, mwingine ameivaa mbele za watu. Mimi sina ruhusa ya kumsahihisha yeyote kati yao. Ila nina haki ya kumcheka mtaalamu atakayekuja kuwaambia wote wawili kwamba ki- ni suala la upatanisho wa kisarufi tu.

Na wale wanaodhani ukibadilisha kiambishi umemaliza kazi, nao nina neno nao. Kiongozi na kijana wako KI-VI na hakuna anayeona aibu. Kwa upande mwingine, huku kwetu Wakuria wana neno omosagane, msichana ambaye hajakeketwa. Neno hilo limekaa kwenye ngeli ya watu, omo- kabisa, ndugu wa m- ya mtu. Na ni neno ambalo limewasukuma mabinti kwenye wembe, maana hakuna aliyetaka kuitwa hivyo mbele ya wenzake. Kwa hiyo ngeli pekee haimwokoi mtu wala haimuui. Ni rai moja kati ya kadhaa zinazotembea ndani ya neno. Lakini rai ni rai, na mwandishi anapaswa kujua kila iliyomo kabla hajaituma mtamboni.

Hapa nifike kwa wahariri. Kuna kiambishi kimoja ambacho nikikiandika najua kitafutwa: ka-. Kanyumba, kamtoto, kahela. Na wingi wake tu-, katika tuhela na tunyumba. Tunaambiwa si Kiswahili sanifu, tuandike kijumba, kitoto, na kadhalika. Sababu ya kihistoria inajulikana. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na pwani kazi ya udogo inafanywa na ki-. Bara ka- iko kila kona: Kisukuma wanayo, Kihaya wanayo, Kiganda na Kikuyu wanayo, Kikuria wana aka-. Wanaisimu wanairudisha hadi kwenye lugha mama ya Kibantu, wakaipa namba yake, 12, katika ule utaratibu wa namba ulioanza na Bleek ukakomazwa na Carl Meinhof. Maana yake ka- haikuja Bara kama mgeni aliyepotea njia. Ilikuwepo. Pwani ndiyo iliyoiacha.

Siwaombi BAKITA waandike ngeli mpya kwenye vitabu kesho asubuhi. Naomba wahariri wa kazi za sanaa waelewe kwamba ki- na ka- hazibadilishani kama soda mbili. Ki-, kwa sababu imebeba vyombo na upungufu pamoja na udogo, ina ubaridi. Kitoto kinaweza kuwa tusi: "acha mambo ya kitoto". Kijitu ni tusi moja kwa moja. Ka- huku kwetu inaweza kudharau pia, lakini inaweza kubembeleza, inaweza kuomba, inaweza kujishusha. Mama anayesema "nina kashamba kangu pale" hajasema shamba lake ni duni. Amejikinga na husuda, amekuomba usimtoze sana, amekuonyesha kwamba analipenda, yote kwa silabi moja. Mwandikie "nina kishamba changu" na umemfanya aongee kama mtu mwingine. Mhusika wa Mugumu, wa Magu, wa Bukoba akinyang'anywa ka- kwenye mazungumzo, msomaji wa huko anajua mara moja kwamba kitabu hiki hakikuandikiwa yeye. Halafu tunakaa makongamanoni kuuliza kwa nini vijana hawasomi riwaya za Kiswahili.

Mtaniambia basi lugha za huku ziko na utajiri gani ambao Kiswahili kinaukosa. Nitatoa mmoja tu. Hapa wilayani tuna Wanata, na lugha yao, kama Kikuria na nyingine za jirani, ina irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli: o-, a-, e-. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama irabu hizo zinaonyesha kitu kinachojulikana au kitu mahususi. Joash Gambarage, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alitoa hoja nyingine: katika Kinata irabu hiyo inaonyesha kwamba msemaji anaamini kitu hicho kipo. Akiiacha, kwa mfano anapokanusha au anapouliza, haweki dhamana ya kuwepo kwake. Soma tena. Lugha ya wakulima na wafugaji wa magharibi ya Serengeti inamlazimisha msemaji aseme kama anaamini kwamba kitu anachokitaja kipo. Sisi waandishi wa habari tungekuwa na irabu kama hiyo, nusu ya kurasa za mbele zingeandikwa upya.

Na wala si kila jirani yetu amezaliwa na ngeli. Watatoga wa hapa hapa wilayani, na Wajaluo wa upande wa ziwa, lugha zao hazina mfumo huu. Wanajifunza Kiswahili shuleni kutoka kwenye lile jedwali, bila kuambiwa maana, halafu wakikosea tunawacheka. Mtu anayepewa orodha ya majibu bila maswali atakosea, tena ni haki yake.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Kabla ya hapo, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme waliishi kwa kuchanganya kilimo, mifugo na uwindaji katika nchi ile ile ambayo leo watalii wanaipigia picha. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliandika kitabu kizima kuhusu kumbukumbu zao za nchi hiyo, kikatoka mwaka 2007. Mwaka 1994 yakaongezwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, mpaka ukasogea tena. Na katika miongo hiyo neno nalo lilihama. Babu alikuwa mwindaji. Mjukuu ni jangili.

Angalia kilichotokea kisarufi. Mwindaji ametoka kwenye kitenzi: anawinda, ni mwindaji, kama anayelima ni mkulima. Yuko M-WA, na ametajwa kwa kitendo. Hata mwizi, hata muuaji, wametajwa kwa walichofanya: waliiba, waliua, na kitendo kinaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Jangili hana kitenzi. Hakuna "kujangili". Kuna ujangili, hali, na kuna jangili, mwenye hali hiyo. Amekaa JI-MA pamoja na jambazi, teja, changudoa, fisadi, kahaba: majambazi, mateja, machangudoa. Hawa wametajwa kwa doa. Hakuna unachoweza kukanusha, maana sentensi haijasema walifanya nini. Imesema ni nini.

Najua, najua. Mawaziri, madaktari, maaskofu na majaji nao wako humo humo. Ndiyo, na kwangu hilo linatia nguvu usomaji wangu: ma- inawachukua watu wanaotajwa kwa lebo, iwe ya dhahabu au ya matope, na inamwacha mtu nyuma ya lebo. Marafiki wananiharibia nadharia, nakiri, na wala siwafichi. Lakini jaribu mwenyewe. Buni leo jina la mtaani la kundi linalodharauliwa, uliweke kwenye wingi. Sikio lako litakimbilia wapi? Mimi langu linakimbilia ma-.

Sina huruma na anayeua tembo au faru kwa ajili ya pembe, na sijaandika haya kumtetea. Wapo askari wa wanyamapori waliokufa kazini na familia zao ziko huku huku. Nazungumzia kijana aliyekamatwa na nyama ya nyumbu, ambaye bado hajafikishwa kwa hakimu, na ambaye kichwa cha habari kimeshamaliza kesi yake. Nimewahi kupeleka taarifa yenye maneno "watuhumiwa watatu" ikatoka "majangili watatu", kesi ikiwa haijatajwa hata mara ya pili. Nilipouliza nikajibiwa kwamba neno langu ni refu, halikai kwenye kichwa cha habari. Linganisheni wenyewe. Mtuhumiwa: ngeli ya watu, kutoka kwenye kitenzi, tena kauli ya kutendwa, maana yake kuna anayetuhumu na kuna anayetuhumiwa na jambo halijaisha. Neno hilo limebeba Katiba nzima mgongoni. Sisi tukaona herufi ni nyingi.

Na kuna viambishi vingine vidogo ambavyo katika habari za mpakani vinaamua kila kitu: vile vya mahali. Hapo, huko, humo. Jedwali linaviweka mwisho, darasa likiwa limechoka. Lakini kuingia katika hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa, kwa hiyo "alikamatwa humo" inasema alikuwa ndani. "Alikamatwa huko" inasema upande ule kwa jumla, ndani au nje haijulikani. "Alikamatwa hapo" inataja pointi moja ambayo mtu anaweza kwenda kuisimamia na kupima umbali wake na kigingi cha mpaka. Kwa mwanakijiji ambaye shamba lake linapakana na pori, tofauti ya pa-, ku- na mu- ni tofauti ya kulala nyumbani na kulala rumande. Siku hizi naona waandishi wengi, hasa wa rika langu, tumeviacha vyote, kila mahali ni "huko" na "katika eneo la". Tumekuwa na lugha yenye vifaa vitatu vya kupimia mahali, tunatumia kimoja, tena kile kisichopima.

Kwa hiyo ninaposema ngeli ni rai, sitafuti ushairi. Nasema mtu mmoja anaweza kuwa mwindaji, mtuhumiwa au jangili. Anaweza kukamatwa hapo, huko au humo. Anaweza kuwa asiyeona au kipofu. Na kila mara aliyechagua ni mwandishi, hata kama hakujua kwamba alikuwa anachagua.

Walimu, sitaki mfute jedwali. Jedwali ni ramani, linafaa. Lakini fundisheni pia nchi yenyewe. Chukueni shina moja kwa siku, mlipitishe ngeli zote, muulize darasa nini kimebadilika kwa huyo mtu. Mwache mtoto wa Kikuria aseme nyumbani kwao wanasemaje, na mtoto wa Kitatoga aeleze lugha yake inafanyaje kazi bila ngeli. Dakika arobaini zitatosha na hakuna kitakachohitaji kununuliwa.

Wahariri, kabla ya kufuta ka- muulize nani anaongea na anaongea na nani. Kabla ya kupitisha ma- muulize kama mahakama imeshasema.

Wahakiki wa blogu kama hii, na ninyi wasomaji ambao mnajua kubishana kuhusu mtindo, motifu na usimulizi mpaka usiku wa manane, nawaomba muongeze swali moja kwenye mizigo yenu. Mwandishi amewaweka watu wake kwenye ngeli gani, na upatanisho wake unakubaliana naye au unampinga?

Na kwa watunga mitihani, nimeshawaandalia swali, mkitaka lichukueni bure. Achaneni na "taja ngeli tano na utoe mifano miwili kwa kila moja". Andikeni hivi: "Wawindaji watatu walikamatwa hapo. Majangili watatu walikamatwa humo. Soma sentensi hizi mbili, kisha eleza nani ameshahukumiwa, na ni nani aliyemhukumu. Alama 20."